Mota ya gereji iliyokufa Januari: jinsi dola 1,480 zilivyogeuka 730

Dada yangu anaishi Brooklyn Park, kaskazini mwa Minneapolis, mtaa ambao ukienda dukani Jumamosi humalizi rafu mbili kabla hujasikia Kiswahili au Kikisii. Nyumba yao ni ya 1991. Ina gereji ya magari mawili iliyoshikana na nyumba, yenye mlango mmoja mpana wa futi 16 kwa 7, na juu ya gereji ndipo kilipo chumba cha kulala cha wenye nyumba. Mliopo nyumbani msinielewe vibaya: gereji ninayoisema si ya mafundi wa magari, ni chumba cha kulaza gari. Na Minnesota chumba hicho si anasa. Gari likilala nje kwa nyuzi 24 chini ya sifuri, asubuhi betri haina habari nawe.

Januari mwaka jana alinipigia simu saa moja asubuhi, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku hospitalini.

"Mdogo wangu, mlango wa gereji umekufa. Mota inanguruma lakini mlango hausogei. Kuna jamaa amekuja, anasema ni dola 1,480, na tukikubali sasa hivi anamaliza leo leo."

Nikamuuliza kama wameshasaini. Akasema bado, shemeji anatafuta miwani.

Nikamwomba asiione kwanza.

Hali ya mfuko wao ilikuwa hivi. Januari ni mwezi wa karo. Shule zinafunguliwa Kenya, na dada ndiye anayewalipia watoto wawili wa marehemu kaka yetu. Pesa hizo zilikuwa zimeshakwenda. Zamu yake ya kupokea pesa za chama ilikuwa Machi. Akiba ya dharura ilikuwa na dola 600 na ushee. Jamaa mwenyewe alikuwa ameliona hilo usoni mwao, maana chini ya ile 1,480 alikuwa ameandika kwa kalamu njia ya pili: dola 49 kwa mwezi, miezi 36. Dada aliiona 49 akapumua. Mimi nilichukua simu nikazidisha: 1,764. Yaani kwa kulipa pole pole wangemwongezea dola 284, na wangekuwa bado wanalilipia hilo geti la Januari wakati mtoto wao mkubwa anaingia sekondari.

Lakini kilichonikera zaidi ya riba ni karatasi yenyewe. Ilikuwa na mstari mmoja: mota ya hospawa (kipimo cha nguvu) moja na robo, springi "za maisha", magurudumu mapya, kazi, jumla 1,480. Hakuna bei ya kitu kimoja kimoja. Huyo ni mbuzi kwenye gunia. Huwezi kusema mbuzi ni mdogo kama hujaruhusiwa kufungua gunia.

Nilifika saa sita mchana. Jambo la kwanza nililoliona lilikuwa juu ya boneti ya gari: unga mweupe, kama mtu amepepeta muhogo. Ukiona unga huo chini ya mota ya zamani ya mnyororo, ile inayouvuta mlango kwa mnyororo kwenye reli ya darini, usihangaike kutafuta zaidi, ni gia ya plastiki iliyo ndani imesagika. Mota inazunguka, gia haina meno, mnyororo umetulia. Ndiyo maana ilikuwa inanguruma bila kazi.

Jambo la pili lilikuwa juu ya mlango. Milango mingi ya aina hii ina chuma kirefu kilicholala juu ya fremu, na kwenye chuma hicho zimevishwa springi mbili nene zilizokazwa kwa kusokotwa. Ya kushoto ilikuwa imekatika. Si kwa kujificha, kulikuwa na pengo la vidole viwili katikati yake, kila mtu aliyeingia gereji kwa siku kumi alikuwa amepita chini ya pengo hilo.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe, na nataka nikae kidogo.

Watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao, hudhani mota ndiyo inayonyanyua mlango. Mlango wa chuma wa ukubwa ule, wenye sponji ya kuzuia baridi ndani, unakaribia uzito wa mtu mzima mnene. Mota haiwezi mzigo huo, na haikuundwa kwa ajili yake. Anayebeba ni springi. Zikiwa nzima na zimekazwa sawasawa, mlango unakuwa mwepesi kiasi kwamba unaupandisha kwa mkono mmoja, na mota kazi yake ni kuusindikiza tu, kama mtu anayemshika bibi mkono kwenye ngazi. Springi moja ikikatika, mota inaachiwa nusu ya uzito wote.

Nikauliza: hamkusikia kishindo? Dada akakumbuka. Siku kama kumi nyuma, usiku wa baridi kali, ulilia mlipuko kama risasi. Walidhani ni barafu imeanguka kutoka kwenye paa. Kesho yake mlango ukawa unapanda kwa shida, unaishia njiani. Shemeji, ambaye haogopi bisibisi, akapanda ngazi, akakuta nyuma ya mota skrubu mbili zilizoandikwa nguvu, moja ya kupanda na moja ya kushuka, akazikaza zote. Mlango ukapanda. Akashuka ngazi amefurahi. Kwa siku kumi mota ya miaka zaidi ya 30 ikabeba mzigo wa springi, hadi gia ikageuka unga.

Kwa hiyo yule jamaa wa 1,480 hakusema uongo. Springi zilihitajika, na mota ilikuwa imekufa kweli. Alichofanya ni kuyafunga mambo mawili kwenye fundo moja na kuyapa yote haraka ya moja. Na sababu aliyoitoa ya kuuza mota kubwa, eti mlango wao ni mzito, ilikuwa kichwa chini miguu juu. Mlango ulikuwa mzito kwa sababu ya springi aliyokuwa anakwenda kuibadilisha mwenyewe.

Tukafungua fundo.

Springi sikuzigusa, na huu ndio mpaka wangu. Springi iliyosokotwa imebeba nguvu ya kuvunja mkono wa mtu, na hufunguliwa kwa vyuma maalumu na mtu anayejua hesabu ya mizunguko. Pia nilimkataza shemeji kuvuta ile kamba nyekundu inayoning'inia kwenye reli. Kamba hiyo inautenga mlango na mota, na umeme ukikatika ndiyo ya kukuokoa. Ila mlango ukiwa juu na springi imekatika, ukiivuta unauangusha mlango mzima, na aliye chini yake ndiye atakayeupokea.

Fundi wa pili tuliyemwita alitupa karatasi yenye mistari. Springi mbili za kawaida, kazi ndani yake: 290. Springi mbili za maisha marefu: 350. Alikataa kubadilisha moja peke yake, na nilikubaliana naye. Zilifungwa siku moja, zimefanya kazi sawa, iliyobaki iko njiani kumfuata mwenzake, na kumrudisha fundi ni kulipa safari mara mbili.

Dada akataka 290. Kwa mfuko wa Januari, 60 ni 60. Nikamwambia tuhesabu kwanza. Springi za kawaida hupimwa kwa mizunguko 10,000, kupanda na kushuka ikiwa ni mmoja. Mtu anayetoka na kurudi mara mbili kwa siku ana mizunguko minne, na springi zitamfikisha karibu miaka saba. Lakini nyumba ile haitumii mlango wa mbele. Sijui kama ni tabia yetu au ni ya watoto wote wa Marekani: baiskeli zinatoka gereji, takataka zinatoka gereji, wageni wanaingilia gereji, hata pilau ya sherehe hupikwa na jiko la gesi mlangoni mwa gereji. Tulikaa mezani tukahesabu siku moja ya kawaida, ikafika minane. Kwa minane, 10,000 inakwisha ndani ya miaka mitatu na nusu. Zile za 350 zilikuwa za mizunguko 25,000, ambayo ni miaka minane na nusu. Dada ni muuguzi, amezoea kugawanya dozi kwa siku, hakuhitaji kuelezwa zaidi.

Fundi alimaliza kwa saa moja na robo. Akautenga mlango na mota, akaupandisha hadi kimo cha kiuno, akauachia. Ukasimama pale pale hewani. Hicho ndicho kipimo: mlango uliosawazishwa ukiuachia katikati haupandi wala haushuki. Halafu binti yao wa miaka 11 akaja akaunyanyua hadi juu, akacheka.

Dharura ikaishia hapo. Tulikuwa tumetumia 350, na nane za kopo la mafuta ya kupulizia bawaba na magurudumu (grisi nzito kwa baridi ile inaganda ikawa gundi). Jumla 358, kutoka kwenye 600 iliyokuwepo, bila mkopo. Magari yalilala ndani usiku huohuo. Mlango ulifunguliwa kwa mkono na kufungwa kwa komeo la ndani, na shida pekee ilikuwa dada kushuka garini saa moja asubuhi kwenye upepo. Alinung'unika, lakini alijua ni wiki sita tu hadi Machi.

Februari nzima ilibaki ya kubishana, na mbishi mkubwa alikuwa shemeji. Hoja yake ilikuwa nzuri kuliko nilivyotaka iwe. Mota yenyewe haijaungua, alisema, imekufa gia. Seti ya gia inauzwa dola 32 mtandaoni, kazi ya mchana mmoja, mimi na wewe. Springi sasa ni mpya, haitabeba mzigo tena. Kwa nini tutupe mashine iliyofanya kazi miaka 30 tununue ya plastiki itakayokufa baada ya kumi?

Kwa hesabu tupu alikuwa sahihi. Mota ingekuwa ya 1996 ningepanda naye ngazi.

Ila kwenye kibandiko cha nyuma ilikuwa ya 1991. Sheria ya shirikisho ya Marekani ya 1990 ndiyo iliyolazimisha mota za gereji za nyumbani zilizotengenezwa kuanzia tarehe 1 Januari 1993 ziwe na kinga ya pili ya kuzuia mtu kubanwa, na ndipo yakaja yale macho mawili yanayotazamana karibu na sakafu, kila upande wa mlango. Kitu kikikatiza mwali wao, mlango unaoshuka unarudi juu. Ya kwao haikuwa na macho. Ilitegemea kugonga kwanza ndipo irudi, na tangu shemeji akaze zile skrubu, sidhani kama ingerudi kwa kitu laini.

Na ndani ya nyumba ile kuna mpwa wangu wa miaka mitano mwenye mchezo wake. Anabonyeza kitufe cha ukutani, mlango unaanza kushuka, anakimbia kutoka nje akiinama dakika ya mwisho. Kila mtu alikuwa anaujua mchezo huo. Shemeji aliponyamaza baada ya mimi kuutaja, nilijua hoja ya dola 32 imekwisha.

Kuchagua mota mpya hakukuchukua muda, maana springi zilikuwa zimeshajibu swali la nguvu. Hospawa nusu inatosha mlango uliosawazishwa wa ukubwa ule. Zinazozidi hapo ni za milango mizito kweli, ya mbao kwa mfano, au za muuzaji. Tulilipa zaidi kwa kitu kimoja, mkanda badala ya mnyororo. Tofauti dukani ilikuwa kama dola 50. Mnyororo ni imara na sina ugomvi nao, lakini chumba cha dada kiko juu ya gereji, na anayefanya zamu ya usiku hulala mchana, saa ambazo watoto wanatoka na kuingia. Usingizi wa muuguzi una bei, na 50 haikuwa ghali.

Betri ya akiba tuliiacha, na hapo tulitofautiana na dukani na hata na majirani. California ina sheria, tangu tarehe 1 Julai 2019, kwamba mota mpya ya gereji ya nyumba lazima iwe na betri, kwa sababu katika mioto ya 2017 umeme ulipokatika baadhi ya watu walishindwa kufungua milango wakimbie na magari. Sababu hiyo inaeleweka, na nyumba yenye mzee peke yake au mtu asiyeweza kunyanyua mikono ningeinunulia betri bila kuuliza. Minnesota hailazimishi, na kwa dada ilikuwa dola 60 za ziada za betri ambayo yenyewe huchoka na kubadilishwa. Mlango ambao binti wa miaka 11 anaupandisha huku anacheka hauhitaji betri. Sisi tuliokulia Mombasa tukisomea koroboi tunaweza kuvuta kamba.

Simu kuonyesha kama mlango umefungwa ilikuja humo humo kwenye mota, hatukuilipia. Shemeji huendesha lori siku nne mfululizo, na sasa yuko Nebraska anampigia dada kumwambia mlango uko wazi. Kama hilo ni faida au hasara, waulizwe wao.

Bei ya boksi ilikuwa 249, na kodi 21. Watu wengi husimama hapo katika kupanga, halafu siku ya kufunga wanakwenda dukani mara tatu. Vitu vidogo vilivyotupata ni hivi: vyuma vyenye matundu vya kuning'iniza mota kwenye dari, kwa kuwa mpya ilikuwa fupi kuliko ya zamani, 20. Bamba la kuimarisha paneli ya juu pale mkono wa mota unapoung'ang'ania mlango, 28, na bila hilo chuma chembamba huchanika taratibu. Kisanduku cha namba cha nje kwa ajili ya watoto wanaotoka shule, 40. Balbu mbili za LED zilizoandikwa kuwa ni za mota za gereji, 14. Hizi nilidhani ni ujanja wa kuuza, hadi tulipojaribu LED ya kawaida na rimoti ikawa inasikika mita mbili tu kutoka mlangoni. Balbu duni hutoa kelele za redio zinazoifunika rimoti.

Rimoti mbili zilikuwa ndani ya boksi. Gari la dada ni la 2009 na lina vitufe vyake juu ya kioo, lakini vya umri huo haviongei na mota mpya bila kununua kisanduku cha kutafsiri, dola 40 nyingine. Rimoti ya kubana kwenye kivuli cha jua ilitosha. Na reli: mlango wa futi 7 unakwenda na reli ya kwenye boksi. Wa futi 8 unahitaji nyongeza, basi pima kabla hujaondoka nyumbani.

Awamu ya pili ikafika 372. Pamoja na 358 za Januari, 730.

Fundi wa springi angetufungia kila kitu kwa 905. Alihesabu mota 395 na ufundi 160 juu ya springi. Sikuona ulafi hapo. Tulibakisha dola 175 kwa Jumamosi nzima ya wanaume wawili, ngazi ya kuazima na safari mbili za dukani, moja ikiwa ya LED ile ile. Mwenye kazi mbili na watoto wadogo, ningemwambia alipe 905 akalale. Tofauti ninayoisimamia si hiyo. Ni ile ya 905 na 1,480, ambayo hakuna aliyeitolea jasho.

Kuna jambo moja karibu lituharibie. Tulifunga mota, tukavuta waya za macho, tukayaweka chini ya inchi sita kutoka sakafuni kama maelekezo yanavyotaka, shemeji akabonyeza kitufe kwa sherehe. Mota ikavuta, ikatetemeka, ikasimama, taa ikawa inapepesa. Tukaangalia mkanda, tukaangalia waya. Binti ndiye aliyeona: komeo la Februari lilikuwa bado limefungwa. Ile ya 1991, kwa skrubu zilizokazwa, ingeing'oa paneli ya juu, na paneli moja ingekula zaidi ya ile 175. Siku hiyo hiyo tulilifungua komeo tukalifunga kwa waya lisiweze kuingia tena.

Halafu tukalaza ubao wa inchi moja na nusu sakafuni, chini ya mlango, tukaushusha. Ukagusa, ukarudi. Tukamwita mpwa naye ajaribu mchezo wake, mama yake amesimama pembeni kashika moyo. Akabonyeza, akakimbia, akainama. Mlango ukasita ukarudi juu. Akarudi kubonyeza mara nne akiwa amekunja uso, kisha akamuuliza baba yake ni lini ile ya zamani itatengenezwa.